Unene Tunaununua Rejareja

Maneno ya mama lishe kwa wanakikoba wenzake, Mbagala, Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia.

Mwenyekiti, mweka hazina, mashoga zangu wa kikoba, na wale baba wawili waliokaa karibu na mlango ili wapate pa kutorokea. Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumza habari za kupunguza uzito, nilimuuliza kama amekosa daktari. Akasema wataalamu wameshakuja mara mbili, wakafundisha vizuri sana, kuleni samaki wa kopo kutoka ng'ambo, mtindi uliotolewa mafuta, mafuta ya zeituni. Watu wakapiga makofi, wakatoka hapa wakapita kibanda cha chipsi. Nikamwambia basi nakuja.

Wengi mnanijua. Mwaka wa 19 huu nauza chakula karibu na stendi ya Rangi Tatu. Asubuhi chapati na supu, mchana wali, ugali, maharage, samaki, nyama. Kwa hiyo kabla sijasema lolote ni haki niombe radhi: baadhi ya hizo kilo mlizokuja nazo nimewauzia mimi.

Na mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 94. Urefu wangu sentimita 160. Ukitaka kujua umesimama wapi, chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, jibu utakalopata ligawe tena kwa urefu uleule. Mimi ilikuja 36.7. Ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 wataalamu wanaiita kiribatumbo, na ukilisikia jina lenyewe huhitaji maelezo. Leo nina kilo 78. Gawa, utapata 30 na ushee. Maana yake bado nimo. Zimetoka kilo 16 kwa miezi 14, na kuna miezi mitatu hapo katikati mizani haikusogea hata kidogo. Nawaambia mapema ili asije mtu kunidai tumbo lake baada ya wiki mbili.

Nianze na jambo ambalo huwa halisemwi kwenye semina. Kwetu unene ni cheti. Bibi harusi akirudi fungate mashavu yamejaa, watu wanasema huyu kapata mume. Ukinenepa unaambiwa umenawiri, mambo yako yamekaa sawa. Ukipungua kilo tatu tu, shangazi anakuvuta pembeni anakushika mkono: "Mwanangu, una nini? Niambie mimi." Tusifichane, miaka ya ukimwi ilituachia woga. Kukonda ilikuwa habari mbaya, na kila nyumba hapa ina mtu waliyemzika akiwa amekwisha. Kwa hiyo mtu akiona gauni linampwaya badala ya kufurahi anaingiwa na hofu ya majirani, anarudi kwenye chapati ili midomo ifungwe. Mimi nilipofika kilo 85 wateja wawili waliacha kula kwangu. Baadaye nikasikia wanasema mama yule siku hizi anaumwa, tumpishe kwanza. Mnacheka, lakini zile zilikuwa sahani mbili kwa siku.

Nilichofanya ni kuwawahi. Nikamwambia mama mkwe, nikamwambia fundi cherehani, nikawatangazia na wateja pale kwenye benchi: mnaniona napungua, nimeamua mwenyewe, presha ilinifikisha 160 kwa 100 na magoti yalikuwa hayataki tena kunisimamisha jikoni. Watu wakishapewa sababu wanatulia. Wengine wakaanza kuniuliza nafanyaje.

Na hatuko wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 uzito umewazidi au wana kiribatumbo, na mjini ni zaidi kuliko kijijini. Kijijini watu wanalima, wanatwanga, wanateka maji. Sisi tunakaa kwenye foleni.

Sasa hela. Kila ninapozungumza na mtu ananiambia, dada, kula vizuri ni kwa wenye nacho. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, mpaka nilipochukua daftari la madeni la kibandani nikaandika ukurasa wa nyuma kila kinachoingia mdomoni mwangu, na bei yake kama ningekinunua kwa mtu mwingine. Chapati mbili za asubuhi, buku, yaani 1,000. Chai ya maziwa, jero, yaani 500. Soda ya saa tano kwa sababu ya joto la moto, 800. Wali nyama na maharage, 2,500. Jioni nimechoka, sina nguvu ya kupika tena, natuma mtoto chipsi yai, 3,000. Jumla 7,800 kwa mtu mmoja, siku moja.

Siku iliyofuata nikaenda gengeni na hela ileile. Nusu kilo ya maharage 1,500. Kilo ya unga wa dona 1,700. Mafungu mawili ya mchicha, buku. Nyanya, vitunguu, karoti moja na ndimu, buku. Mkaa, buku. Papai moja la kutosha, 1,500. Jumla 7,700. Hizo zilikuwa bei za mtaani kwetu wakati ule, kwenu zinaweza kupishana. Tulikula watu watano mlo wa usiku, maharage yakabaki ya asubuhi, papai likaliwa mara mbili. Yaani unene wangu mimi mmoja ulikuwa na bajeti kubwa kuliko chakula cha usiku cha nyumba nzima. Tatizo hatuuoni, kwa sababu tunaununua rejareja, jero hapa, buku pale. Hakuna aliyewahi kuingia dukani akasema mangi, nipimie unene wa laki mbili. Lakini zidisha 7,800 kwa siku 30 uone.

Nikae kidogo kwenye mafuta, maana hapa ndipo penye siri ya kazi yangu.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama gramu 14, nacho kina kalori, kile kipimo cha nguvu ya chakula, zinazokaribia 120. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga wa ugali ina 4. Kwa hiyo yale mafuta yanayong'aa juu ya mchicha wako yanaweza kuwa na nguvu nyingi kuliko mchicha wenyewe na kipande cha ugali vikiwa pamoja. Na sisi wauzaji tunayaweka makusudi. Mboga ikikauka mteja anasema mama huyu mbahili. Ikielea mafuta anasema mama anajua kupika. Samaki nakaanga, kisha namuunga, na kule kumuunga naanza na mafuta mengine. Chapati nazipaka ndani wakati wa kuzikunja, nazipaka nje kwenye kikaango, huku na huku. Chapati yangu moja nikiipigia hesabu ina kalori kama 300. Kuna wateja wa nne, na supu juu.

Nyumbani pigeni hesabu hii. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa siku nne, kila mtu anakula karibu mililita 50 kwa siku, yaani kalori 400 na kitu, kabla hajagusa chakula. Nyumba hiyohiyo ikifanya lita imalize siku 10, kila mtu anashuka mpaka kama kalori 165. Hapo kila mtu amepunguza zaidi ya 200 kwa siku bila kuacha ugali, bila kulala njaa, bila kununua chochote kipya. Na hela je? Lita kwa siku nne ni lita saba na nusu kwa mwezi. Lita kwa siku 10 ni lita tatu. Kwa lita ya 5,500, kinachobaki ni shilingi 24,750. Mweka hazina ananiangalia. Ndiyo, hiyo ni hisa.

Jinsi ya kufanya: nunua chupa nzima kama unaweza, uache mafuta ya kupima kwenye kifuko, maana kifuko ukishakikata unamimina chote. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mistari 10 kwenye chupa. Kila siku mstari mmoja. Kifuniko usikifungue, kitoboe kwa msumari wa moto. Mafuta yatoke kwa kudondoka, yasimwagike. Mwanzoni nilikuwa nakasirika, naikamua ile chupa kama ndimu. Baada ya mwezi nikala kwa jirani nikaona mchuzi wake unanikaa kooni.

Halafu tujifunze upya kupika chukuchuku. Bibi zetu wa pwani walijua samaki chukuchuku, maji, chumvi, ndimu, pilipili mbichi, nyanya, basi. Tumefika mahali chukuchuku ni chakula cha mgonjwa. Mlenda wa watu wa Dodoma hauhitaji hata tone la mafuta. Mchicha na matembele: weka kitunguu na nyanya kwenye sufuria, kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima, nyunyiza maji kidogo, funika, nyanya ijiive kwa maji yake, ndipo utie majani, geuza mara mbili, epua yakiwa bado ya kijani. Kisamvu usikifanyie haraka hiyo, kile kitwangwe na kichemke sana, kina sumu yake kikiwa kibichi. Nazi sikatazi, mimi mtu wa Rufiji siwezi kukataza nazi, lakini tui la kwanza wape watoto wembamba, wewe pikia la pili.

Na mtu asikudanganye kwamba mafuta ya alizeti hayanenepeshi. Kwa moyo ni mazuri kuliko yale yanayoganda. Kwa kalori, kijiko ni kijiko.

Ugali. Kila anayetaka kupungua mtaani kwetu kitu cha kwanza anasema nimeacha ugali na wali. Anakula mayai na parachichi siku nne, hela inamwishia, siku ya tano anakula ugali wa watu watatu. Ugali haujakukosea. Mchele na unga vikiwa vikavu vinakaribiana kwa nguvu, kama kalori 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo ule ugomvi wa ugali na wali nani ananenepesha uacheni. Kinachonenepesha ni kilima. Kunja ngumi yako, si ya mumeo, yako. Huo ndio ugali wako. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, bamia, nyanya chungu, bilinganya, kabichi, chochote kilicho rahisi gengeni siku hiyo. Robo iliyobaki maharage au dagaa au samaki.

Najua mtauliza sahani gani, sisi tunakula kwenye sinia. Hili lilinitesa. Kwenye sinia hakuna mwisho, unakula mpaka wenzako wamalize, na kama una watoto wa kiume unakula haraka ili usiachwe. Mila ni nzuri, sikuacha. Ninachofanya ni hivi: kabla sinia halijatua nachukua bakuli langu la mboga nakula mboga kwanza, peke yangu, kwa kijiko, nikiwa jikoni. Nikifika mkekani nina nusu shibe. Halafu nakaa upande wangu, nikimaliza cha mbele yangu sichimbi mlima wa mwenzangu. Kwenye shughuli, pilau ya harusini na vigodoro, hapo sina mbinu. Nakula pilau. Shughuli si kila siku, ingawa kwa Mbagala mwezi wa mfungo sita ni karibu kila siku.

Dona au sembe? Sembe imekobolewa, imeondolewa ganda na kiini, na nyuzinyuzi zimekwenda kwa kuku. Dona inakaa tumboni muda mrefu, huoni njaa saa kumi. Ila dona inataka mahindi safi. Yale yenye ukungu yana sumukuvu, na 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Kama unasagisha mwenyewe, mwaga mahindi kwenye ungo, chagua, yaliyooza na yenye rangi ya ajabu tupa, usiwape hata kuku. Dona isikae ndani muda mrefu pia, kiini chake kina mafuta, inachacha. Viazi vitamu, magimbi, mihogo ya kuchemsha ni vyakula vizuri sana vya asubuhi. Mihogo ya kukaanga ya Coco Beach, ile na pilipili na kachumbari, ni tamu. Nimeitaja tu.

Kitoweo. Hapa maskini wa Dar tuna bahati ambayo hatuitumii. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao tunapata madini ya chokaa. Dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, dagaa mchele wa hapahapa baharini, fungu la jero linatosha watu wawili. Kosa letu ni kuwakaanga wakawa kama kaukau. Waloweke kwenye maji ya moto, waoshe mchanga utoke, wapike mchuzi wa nyanya na ndimu. Maharage, kunde, choroko, dengu, vyote vinashibisha kwa muda mrefu, vina protini na vina nyuzinyuzi. Watu wanalalamika yanakula mkaa. Loweka usiku, yamwage maji asubuhi, weka maji mapya, utaona mkaa unavyopungua. Magadi achana nayo, yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini. Pika sufuria kubwa mara moja, mwenye friji agandishe kwenye vifuko, asiye na friji ayachemshe kila asubuhi na jioni na yasizidi siku mbili. Yai moja ni kama kalori 70, la kuchemsha. Likiingia kwenye chipsi zege hesabu nyingine.

Baba wale wa mlangoni wanataka nizungumzie supu ya pweza. Pweza ana mafuta kidogo sana, kuleni. Hayo mengine mnayoyatafuta kwenye hiyo supu mimi siwezi kuyathibitisha.

Sukari. Chai vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 12, gramu kama 48. Kwa mwezi unakaribia kilo moja na nusu ya sukari, peke yako, kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 lilisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndiyo bora, ambayo ni kama vijiko vidogo sita kwa siku. Soda ya chupa ya mililita 350 peke yake ina karibu vijiko tisa. Mnakumbuka mwanzo wa 2024 sukari ilivyoadimika? Wengi tulikunywa chai ya kijiko kimoja kwa shida, na hatukufa. Ilipopatikana tukarudi kwenye vitatu kama watu wanaolipa kisasi. Mimi nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, nikaongeza mchaichai, tangawizi, iliki. Sasa nakunywa na nusu kijiko. Chai ya bila sukari kabisa imenishinda, nasema ukweli.

Juisi ya ukwaju, juisi ya miwa, juisi ya embe yenye vijiko vya sukari, usizihesabu kama matunda. Tunda tafuna. Papai lipo karibu mwaka mzima. Chungwa, nanasi, tikiti, subiri msimu wake bei ishuke, embe la Desemba linauzwa kama la bure. Tufaha kutoka nje si lazima.

Uji wa lishe nao niuseme. Ule wenye karanga, soya, ulezi, maziwa na sukari ni wa mtoto anayekua. Mama unapika sufuria ya mtoto, mtoto anakunywa kikombe, wewe unamaliza sufuria kwa sababu chakula hakitupwi. Chakula hakitupwi, sawa, lakini tumbo lako si jalala. Pika kidogo.

Tatizo kubwa la mji huu ni barabara. Mtu anatoka Mbagala au Chanika saa 11 alfajiri, anarudi saa 2 usiku. Njaa inamkamata akiwa amebanwa kwenye daladala, akishuka kitu cha kwanza kukutana nacho ni harufu ya karai. Pale hakuna mwenye akili, hata mimi. Kwa hiyo usifike kituoni na njaa. Hotpoti tunazo, tumeziweka kabatini zinasubiri wageni. Zitoke. Viazi vitamu viwili na yai, au wali wako wa ngumi na maharage. Mfukoni ndizi mbivu mbili za saa kumi jioni. Hizo ndizi za buku zimeniokoa na chipsi nyingi kuliko sala.

Na kama huna jinsi, unakula kwa mama lishe, nawapa siri ambayo wenzangu wa kibandani watanichukia. Sema hivi: "Mama, wali nusu, mboga mbili, maharage juu, usinimiminie mafuta, mchuzi niwekee pembeni." Sitakasirika. Mchele ni ghali kuliko mchicha, ukipunguza wali mimi napata faida. Kila mama lishe anajua hivyo. Tunajaza kilima kwa sababu ninyi wateja mnapima upendo kwa kilima.

Mazoezi nitapita haraka. Tembeeni. Shuka vituo viwili kabla, jumla ya dakika 150 kwa wiki ndizo zinazotakiwa, ni kama nusu saa kwa siku tano. Vikundi vya joging ni vizuri, navipenda, jumapili asubuhi fulana zinapita hapa zinaimba. Lakini wakimaliza wanakuja kwangu, supu na chapati tatu, soda ya kupoza. Wameunguza kalori mia tatu nne, wamekula elfu moja na zaidi. Mimi napokea hela, nanyamaza. Leo nimesema.

Dawa za kupunguza tumbo, vidonge visivyo na maandishi ya kueleweka, chai za kuharisha zinazouzwa kwenye simu, hapana. Ukiharisha unapoteza maji, siku ya pili yanarudi, hela hairudi.

Kuna watu wasinisikilize leo. Mjamzito usipunguze uzito. Anayenyonyesha mtoto mchanga, kula. Na mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano za insulini, usipunguze chakula ghafla kabla hujaongea na daktari wako, kwa sababu dozi ilipimwa kwa chakula ulichokuwa unakula, sukari inaweza kushuka ukaanguka barabarani. Hili sisemi kwa mzaha.

Kupima: usijipime kila siku. Wale vijana wa mizani wanaopita na spika, chagua mmoja, siku moja ya wiki, asubuhi, mizani ileile. Mizani mbili hazipatani hata siku moja. Au chukua kamba, zungusha kiunoni usawa wa kitovu, kata. Mwezi ujao zungusha kamba hiyohiyo. Ikizidi, umepungua. Wanawake tukizidi sentimita 80 kiunoni tuanze kujihadhari, wanaume 94. Baba, msivute tumbo ndani.

Usitafute zaidi ya kilo mbili au tatu kwa mwezi. Kwangu ilikuwa moja tu na kidogo. Lakini nilipopoteza zile kilo tano za kwanza, presha ilishaanza kusogea chini, na goti la kulia likaacha kulia ninapoinama kwenye jiko. Nilikuwa bado mnene sana kwa kuniangalia. Mwili haukusubiri niwe mwembamba ndipo unishukuru.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pendekezo moja, mkiliona linafaa. Tuna boksi la hisa na boksi la jamii. Tuweke la tatu, kopo tu la maziwa lenye tundu. Ukitaka soda ukaiacha, hiyo 800 iingie humo. Ukipita chipsi yai, ingiza 3,000. Miezi mitatu tufungue tuone. Mimi nimeanza na langu nyumbani, mwaka jana lilinunua jiko la gesi.

Sasa chakula kipo. Nimepika mimi, tangu saa kumi na mbili asubuhi, ugali wa dona, maharage, matembele, samaki chukuchuku, na matikiti. Tuko watu 34 hapa. Chupa ya mafuta ile pale mezani, nimeichora, njooni muone mstari wa leo uliishia wapi. Ngumi moja kwa kila mtu, mboga ongezeni mpaka mchoke. Soda sikuleta. Anayeitaka sana, dukani kwa mangi ni pale kona, aende kwa miguu.